Maji ya Mimea ya Vyungu Mwenyewe Akiwa Safarini

Mmea uliopandwa kwenye chungu, ndoo au kiroba huishi kwa akiba ndogo ya maji. Mizizi ya mmea wa shambani hushuka na kutambaa kufuata unyevu, lakini ya mmea wa chombo huishia ukutani. Chombo cha lita 10 chenye mchanganyiko mzuri wa udongo na mboji huhifadhi takribani lita 2 hadi 3 za maji ambayo mmea unaweza kuyafyonza. Mengine huwa yamechuruzika chini au yamenasa kwenye chembe za udongo kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyavuta. Chombo kikiwa juani, akiba hiyo hudumu siku chache tu, na kwa mboga za majani mapana huweza kwisha kabla ya siku ya tatu.

Katika Afrika Mashariki tatizo huongezeka kwa sababu safari nyingi za familia huangukia wakati wa ukavu. Wanaoondoka Dar es Salaam au Mombasa mwishoni mwa Desemba kwenda kula sikukuu bara huacha mvua za vuli zikikatika na upepo wa kaskazi ukishika. Januari na Februari ni miezi ya joto kali pwani. Nairobi na Arusha huwa pakavu miezi hiyo, ingawa usiku kuna ubaridi. Dodoma na maeneo mengine ya kati ya Tanzania yana kiangazi cha zaidi ya nusu mwaka, na upepo wake hukausha majani upesi.

Njia zote za kukabili hali hii hufanya kazi moja kati ya tatu: kupunguza maji yanayotumika, kuongeza akiba, au kuigawa akiba hiyo polepole. Njia moja peke yake ni nadra kutosha. Na kabla ya kuchagua yoyote, ni lazima kujua mmea unatumia maji kiasi gani kwa siku, kwa sababu chupa inayookoa mrehani kwa wiki nzima haiutoshelezi mnyanya hata kwa siku mbili.

Kupima matumizi ya siku

Kipimo sahihi hupatikana kwa mizani. Chombo humwagiliwa asubuhi hadi maji yachuruzike kwenye matundu ya chini, huachwa nusu saa kimalize kuchuja, kisha hupimwa uzito. Kesho yake saa ileile hupimwa tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji. Pasipo mizani, kopo lenye alama hutosha: siku moja baada ya kumwagilia hadi kuchuruzika, maji hupimwa na kuongezwa kidogo kidogo hadi yaanze kutoka tena chini. Kiasi kilichoingia hukaribiana na matumizi ya siku hiyo. Siku ya kupima iwe ya jua, si ya mawingu.

Kwa makadirio, mnyanya unaozaa kwenye ndoo ya lita 20 iliyo juani huweza kutumia lita 1 hadi 2 kwa siku. Miche miwili mitatu ya sukuma wiki kwenye chombo cha lita 10 huweza kutumia nusu lita hadi lita nzima. Mrehani, mnanaa na giligilani hutumia maji pungufu kwa ujumla, lakini kwa kuwa hupandwa kwenye makopo madogo hunyauka mapema. Waridi na asumini zilizokomaa huvumilia siku mbili tatu za ukavu, ila hudondosha vitumba. Mshubiri, kaktasi na mimea mingine yenye majani au mashina manene hukaa wiki mbili na zaidi bila tone. Mimea hiyo huuawa na maji mengi kuliko kiu, hivyo isiingizwe kabisa kwenye mpango wa umwagiliaji.

Chombo chenyewe nacho hubadilisha hesabu. Chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi hupitisha maji ukutani, hivyo hukauka haraka kuliko cha plastiki chenye ukubwa uleule. Kiroba kilichofumwa hupoteza unyevu pande zote. Ndoo nyeusi ya plastiki haivuji ukutani, lakini hufyonza joto na kuunguza mizizi iliyo karibu na upande unaopigwa na jua.

Matumizi ya siku yakijulikana, hesabu ya akiba huwa rahisi: matumizi huzidishwa kwa idadi ya siku, kisha huongezwa robo kwa ajili ya siku za joto la ziada au gari kuchelewa. Mmea wa nusu lita kwa siku, kwa safari ya siku 10, unahitaji lita 5 pamoja na robo yake, yaani lita 6 na robo.

Kupunguza matumizi

Hatua ya bei ndogo kuliko zote ni kuhamisha vyombo. Mmea uliotoka kwenye jua la kutwa na kuwekwa mahali panapopata mwanga wa asubuhi pekee, kama vile upande wa mashariki wa nyumba au chini ya baraza lililo wazi, hupunguza sana maji unayotoa kwa majani. Vyombo vikikusanywa pamoja, majani yake huziba upepo na kuhifadhi unyevu wa hewa katikati ya kundi. Vile vidogo huwekwa katikati, vikubwa pembeni. Kwenye paa la zege au ua uliosakafiwa, vyombo huinuliwa juu ya mbao au matofali ili visipikwe na joto la sakafu.

Pasipo kivuli cha asili, neti ya kivuli hufungwa juu ya vyombo, au hata kanga kuukuu huning'inizwa upande wa magharibi kukinga jua la mchana. Turubai la plastiki lisitumike kufunika mimea, kwa sababu hunasa joto chini yake. Kuingiza mimea ndani ya nyumba kunafaa kwa siku mbili tatu tu. Mboga zikikaa wiki nzima kwenye chumba chenye giza hurefuka, huwa njano na kudhoofika. Na chumba kilichofungwa madirisha chini ya bati huweza kuwa na joto kuliko nje.

Hatua ya pili ni matandazo. Uso wa udongo hufunikwa kwa tabaka la sentimita 3 hadi 5 la makumbi ya nazi, majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, nyasi kavu au pumba za mpunga. Tabaka hilo huzuia jua kugusa udongo na hupunguza maji yanayopanda moja kwa moja hewani. Liachwe mbali kidogo na shina ili shina lisioze. Makumbi hulowekwa kwanza. Yakiwekwa makavu hunyonya maji ya kwanza yanayomwagwa. Ukuta wa ndoo nyeusi au wa chungu cha udongo hufungwa gunia au kitambaa cheupe.

Hatua ya tatu ni kupunguza mmea wenyewe. Mboga za majani huvunwa siku moja kabla ya safari, na lisiachwe jani kubwa lisilohitajika. Nyanya, pilipili na matango yaliyokaribia kuiva huchumwa, kwa sababu tunda linalokua huvuta maji mengi. Maua yaliyofunguka hukatwa. Magugu hung'olewa yote. Hata hivyo mmea usikatwe sana siku za mwisho: ukataji mkali huchochea machipukizi mapya, na machipukizi hayo laini ndiyo ya kwanza kuungua. Kupogoa kwa nguvu kufanywe wiki mbili kabla au kungoje kurudi.

Mbolea husimamishwa siku 10 hivi kabla ya kuondoka. Mbolea ya chumvichumvi ikibaki kwenye udongo unaokauka, ukali wake huongezeka na kuunguza mizizi, na ya naitrojeni huchochea majani mapya yenye kiu.

Kuloweka udongo

Udongo wa chombo uliokauka kupita kiasi, hasa wenye mboji nyingi au vumbi la makumbi ya nazi, hukataa maji. Maji hupita kwenye ufa kati ya udongo na ukuta wa chombo, hutoka chini kwa haraka, na anayemwagilia hudhani chombo kimeshiba ilhali katikati ni vumbi. Kwa hiyo kumwagilia mara moja asubuhi ya safari hakutoshi.

Kulowekwa huanza siku mbili kabla. Vyombo vidogo huzamishwa ndani ya beseni la maji hadi karibu na ukingo na kuachwa mpaka mapovu yakome kupanda. Hapo nafasi za hewa zimejaa maji. Vyombo vikubwa humwagiliwa kwa awamu tatu, kila moja ikifuatwa na mapumziko ya robo saa. Asubuhi ya kuondoka maji huongezwa tena hadi yachuruzike. Hatua hii haiwezi kuachwa, kwa kuwa utambi, gudulia na chupa hufanya kazi vizuri pale tu udongo umekwisha kulowa. Udongo mkavu hauvuti maji ipasavyo.

Utambi

Utambi hupandisha maji kutoka chombo cha akiba hadi kwenye udongo kama unavyopandisha mafuta kwenye kandili. Udongo ukianza kukauka huvuta zaidi. Ukishiba, mwendo hupungua. Ndiyo sababu njia hii hukosea mara chache, na hufaa vyombo vidogo na vya kati kwa siku 5 hadi 14.

Utambi mpya wa jiko la mafuta ya taa unafaa sana, ilimradi haujaguswa na mafuta. Vipande vya fulana ya pamba vilivyosokotwa hadi unene wa kidole kidogo hufaa pia. Pamba huoza baada ya wiki kadhaa ikikaa kwenye udongo, hivyo kwa mpango wa kudumu kamba laini ya nailoni iliyosokotwa hudumu zaidi, mradi ijaribiwe kwanza kama inapandisha maji.

Ufungaji wake ni huu. Utambi hulowekwa wote. Ncha moja huingizwa kwenye udongo kwa kina cha sentimita 8 hadi 10 karibu na mizizi, au hupitishwa kwenye tundu la chini la chombo wakati wa kupanda. Ncha ya pili huzamishwa hadi chini kabisa ya ndoo ya akiba na kufungiwa kijiwe isielee. Sehemu iliyo kati, inayopita hewani, huvikwa mrija wa plastiki ili isikauke kwa upepo. Umbali wa kupanda uwe mfupi. Zaidi ya sentimita 20 maji hupanda kwa shida. Akiba ikiwekwa juu kuliko mmea, maji hushuka yenyewe kwa kasi kubwa na ndoo huweza kuisha kwa siku moja huku chombo kikifurika. Kwa hiyo uso wa maji na uso wa udongo viwe karibu usawa, au maji yawe chini kidogo.

Utambi mmoja hutosha chombo cha lita 3 hadi 5. Chombo cha lita 10 huhitaji mbili au tatu, kila mmoja upande wake. Mnyanya wa lita 2 kwa siku hautoshelezwi na utambi. Huo ni wa matone au wa jirani.

Kwa makopo mengi madogo ya miche au viungo, badala ya utambi kwa kila kopo hutumika taulo nene au kipande cha blanketi kuukuu. Hutandazwa juu ya meza iliyofunikwa nailoni, ncha yake moja ikining'inia ndani ya beseni la maji lililo chini kidogo. Makopo yenye matundu chini hupangwa juu ya taulo na kukandamizwa ili udongo uguse kitambaa. Mpango huu ni wa kivulini tu. Juani taulo hupoteza maji mengi kuliko mimea inavyoyatumia.

Chupa na dumu

Chupa ya maji iliyogeuzwa na kuchomekwa kwenye udongo ndiyo njia inayojulikana zaidi, na pia ndiyo inayokatisha tamaa zaidi. Kwenye udongo wa kichanga hutoka yote ndani ya saa chache. Kwenye mfinyanzi tundu huziba kwa tope na chupa hubaki imejaa mwezi mzima. Hufaa kwa siku 2 hadi 4 kwenye udongo wenye mboji. Kifuniko hutobolewa tundu moja au mawili kwa msumari uliopashwa moto, mdomo hufungwa kipande cha soksi kuzuia tope, na chupa huchomekwa kwa kina cha sentimita 10 kwenye udongo ulioloweshwa tayari.

Njia iliyo bora ni kusimamisha chupa wima juu ya udongo na kuitoboa kwa pini karibu na kitako. Kifuniko kikikazwa, hewa haiingii na maji husimama. Kikilegezwa kidogo, matone huanza. Kwa kulegeza na kukaza, kasi hupangwa.

Hesabu ya matone husaidia. Matone takribani 20 hufanya mililita 1. Tone moja kila sekunde 3 ni matone 1,200 kwa saa, yaani mililita 60. Kwa kasi hiyo chupa ya lita 1.5 hudumu siku moja tu. Dumu la lita 5 likitakiwa kudumu siku 5, hupaswa kutoa mililita 42 kwa saa, ambazo ni kama tone moja kila sekunde 4 au zaidi kidogo. Hesabu hii huonyesha kwamba chupa ndogo haziwezi kubeba safari ndefu hata zikifungwa kwa ustadi.

Kwa dumu kubwa lililoinuliwa juu ya stuli, seti mpya ya dripu kutoka duka la dawa hurahisisha kazi, kwa kuwa ina kibanio cha mrija na chumba kidogo cha kuhesabia matone. Seti iliyokwisha kutumika hospitalini isiguswe. Kasi hupungua kadiri maji yanavyoshuka ndani ya dumu, hivyo dumu pana na fupi ni bora kuliko refu na jembamba. Dumu hufunikwa kitambaa cheusi ili maji yasiote ukijani, kwa sababu ukijani ndio huziba mirija.

Gudulia la kuzikwa

Gudulia huweka maji baridi kwa sababu ukuta wake wa udongo wa kuchoma hutoa jasho. Ukuta huohuo, ukizikwa ndani ya udongo, hutoa maji kwa mizizi. Udongo unaozunguka ukikauka huvuta maji kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukiwa umelowa, mvuto hukoma. Kilimo cha namna hii ni cha zamani sana: kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi wa China, kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kinaeleza kuzika mitungi ya maji katikati ya mashimo ya matikiti.

Chombo kinachofaa hakina rangi wala mng'aro wa kioo, ndani wala nje. Kabla ya kukizika hujazwa maji na kuachwa usiku kucha. Kikitoka jasho nje kinafaa, kikibaki kikavu hakifai. Pasipo gudulia, chungu kidogo cha maua cha udongo wa kuchoma huzibwa tundu lake kwa saruji na kutumika hivyo hivyo. Huzikwa katikati ya ndoo au kiroba hadi shingoni, mimea ikiwa pembeni yake kwa umbali wa shubiri moja, kisha hujazwa na kufunikwa kwa kigae au kifuniko kizito.

Gudulia la lita 2 hadi 3 hutumikia chombo kipana cha sentimita 40 hadi 50. Kwa mboga za kawaida hujazwa tena kila baada ya siku 3 hadi 6, kwa hiyo kwa safari ndefu huunganishwa na dumu kwa utambi au mrija. Kasoro yake kubwa iko pwani: maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi huziba vitundu vya udongo. Ukuta ukiota utando mweupe, chombo hutolewa, husuguliwa kwa brashi na kulowekwa kwenye maji yaliyotiwa siki. Maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora kwa kazi hii. Gudulia huzikwa wakati wa kupanda, si siku ya safari, ili mizizi isikatwe na ipate muda wa kulizunguka.

Mirija ya matone na saa ya maji

Penye vyombo 20 na zaidi, au mimea inayokunywa sana, mirija ya matone hustahili gharama yake. Nchini Kenya wakulima wadogo wametumia ndoo ya matone tangu miaka ya 1990: ndoo huinuliwa takribani mita 1, huwekewa chujio na koki, na mirija yenye vitoa-matone hupita kwenye kila mmea. Kwa nyumba ya mjini, ndoo huweza kubadilishwa na tangi.

Saa ya maji inayotumia betri hufungua na kufunga koki kwa ratiba iliyopangwa, hivyo kukatika kwa umeme hakuiathiri. Mambo mawili huangaliwa wakati wa kuinunua. La kwanza ni mgandamizo: saa nyingi hutengenezwa kwa bomba lenye nguvu, na hazifunguki vizuri kwa maji yanayoshuka kutoka tangi la mita 1 au 2. Inayofaa ni ile iliyoandikwa kwamba inafanya kazi bila mgandamizo. La pili ni chanzo. Mahali penye mgao wa maji, saa isiunganishwe moja kwa moja na bomba la mtaa, kwani hufungua kwa wakati wake hata bomba likiwa kavu. Iunganishwe na tangi lililojazwa kabla ya safari, na ujazo wa tangi ulingane na hesabu ya siku zote.

Ratiba ya mara mbili fupi, alfajiri na jioni, ni bora kuliko mara moja ndefu, kwa sababu chombo kidogo hakiwezi kushika maji mengi kwa mkupuo. Yanayozidi hutoka chini na kupotea. Betri mpya huwekwa siku ya kujaribu, na chujio husafishwa siku ya kuondoka.

Jirani

Mtu anayepita kila baada ya siku mbili hushinda mtambo wowote, kwa sababu huona kilichoharibika. Makosa yake mengi hutokana na maelezo mabaya. Anayeambiwa "mwagilia maua" humwagilia yote sawasawa, mshubiri ukaoza na nyanya zikanyauka. Kazi yake hurahisishwa kwa kukusanya vyombo mahali pamoja, kutenganisha vinavyoguswa na visivyoguswa, na kufunga uzi wa rangi: mathalani mwekundu kwa vyombo vya makopo mawili, mweupe kwa kopo moja. Kopo lenyewe huachwa hapo, pamoja na maji yaliyokingwa tayari ili asihangaike na bomba.

Kanuni moja humtosha: kuingiza kidole hadi kiungo cha pili, udongo ukiwa na unyevu, aache, ukiwa mkavu, amwagilie polepole hadi maji yatoke chini. Aonyeshwe kwa vitendo mara moja mwenye mimea akiwepo. Mboga na matunda yatakayoiva siku hizo ni haki yake kuyachuma, na uchumaji huo husaidia mmea pia.

Maji yaliyotuama na mbu

Sahani iliyojazwa maji chini ya chungu huonekana kama akiba rahisi, lakini ni mazalia ya mbu aina ya Aedes aegypti, ambaye hueneza homa ya dengi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu huyu hupenda maji safi ya vyombo vidogo vya majumbani, huuma mchana, na kwenye joto la pwani yai huweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hadi siku 10. Safari ya wiki mbili hivyo humtosha kukamilisha kizazi kizima.

Sahani humwagwa na kusuguliwa kabla ya kuondoka, kwa sababu mayai hunata ukutani na kustahimili ukavu kwa miezi mingi. Ndoo, beseni na dumu vyote vya akiba hufunikwa: kifuniko chenye tundu la kupitisha utambi tu, au kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa mpira kuzunguka mdomo. Gudulia nalo lisiachwe wazi. Maji ya sahani pia huozesha mizizi yakikaa siku nyingi, kwa hiyo hasara yake ni mara mbili.

Kupanga kwa urefu wa safari

Kwa siku 1 hadi 3, kivuli, matandazo na kulowekwa vizuri hutosha karibu mimea yote. Makopo madogo ya viungo hukusanywa ndani ya karai lenye mboji yenye unyevu, na mboga kubwa huongezewa chupa.

Kwa siku 4 hadi 7, vyombo vidogo na vya kati huwekewa utambi, vikubwa gudulia au dumu la matone. Mnyanya na tango hupewa dumu lake lenyewe.

Kwa siku 8 hadi 14, utambi huhitaji ndoo ya lita 10 au 20 iliyofunikwa, na mimea inayozaa huhitaji mirija ya matone kutoka tangi au jirani. Ni busara kuunganisha njia mbili kwa mimea ya thamani, ili moja ikikwama nyingine ishike.

Kwa zaidi ya wiki mbili, hakuna chupa wala utambi wa kuaminiwa peke yake. Mtu lazima apite. Mboga za msimu, kama mchicha uliokaribia kutoa mbegu, huvunwa na kung'olewa kabisa, na maji hubakizwa kwa mimea ya kudumu: waridi, asumini, milimao na miche ya miti.

Safari ikiangukia masika, kati ya Machi na Mei, mpango hugeuka. Hatari huwa kufurika: matundu ya chini hukaguliwa, sahani huondolewa, na mshubiri na kaktasi husogezwa chini ya paa.

Kujaribu kabla ya kuondoka

Mpango wowote hufungwa wiki moja kabla na kuachwa ufanye kazi wenyewe kwa siku mbili kamili. Usawa wa maji kwenye ndoo huwekewa alama ya utepe asubuhi na kuangaliwa kila baada ya saa 24. Ukishuka chini ya matumizi yaliyopimwa na majani yakilegea, tambi huongezwa au kifuniko hulegezwa. Ukishuka kupita kiasi na udongo ukiwa tope, tambi hupunguzwa au ndoo hushushwa. Majaribio yafanyike palepale mimea itakapokaa, kwani matumizi ya kivulini hutofautiana na ya juani.

Baada ya kurudi

Mimea iliyokaa kivulini hairudishwi juani siku hiyohiyo. Huongezewa jua kwa siku 4 au 5, ikianza na la asubuhi. Chombo kilichokauka hadi udongo ukaachana na ukuta huzamishwa ndani ya beseni hadi mapovu yaishe, kisha huachwa kivulini kichuje. Majani yaliyolegea mara nyingi huinuka ndani ya saa chache. Yaliyokauka na kuvunjika hayarudi, lakini hayakatwi hadi ijulikane shina liko hai: likikwaruzwa kwa ukucha na kuonekana kijani ndani, mmea utachipua tena.

Mmea ulionyauka ilhali udongo wake umelowa una tatizo la kinyume, mizizi iliyokosa hewa. Huo haumwagiliwi, utambi hutolewa na udongo huachwa ukauke hadi kidole kisikie ukavu sentimita chache chini. Mbolea hungoja hadi majani mapya yaonekane. Ndoo, mirija na tambi huoshwa na kuanikwa jua kali, na kiasi cha maji kilichobaki katika kila chombo huandikwa, kwa kuwa ndicho kipimo sahihi cha kupangia safari inayofuata.